Tai wa angani, tai ya shingoni na chuma cha kukaza ukuta

Mwezi uliopita karatasi moja ilibandikwa mlangoni mwa nyumba ya ghorofa mbili mtaani Kibokoni, humu Mji wa Kale wa Mombasa. Ilikuwa na lugha mbili, Kiingereza juu, Kiswahili chini, na hilo peke yake lingetosha kunifurahisha, maana ukumbini humu nimelalamika si mara moja kuhusu matangazo yanayowapita wakazi kama upepo wa kusi. Sehemu ya Kiswahili ilisema kwamba fimbo za tai zitapitishwa katika kuta za ghorofa ya kwanza, na kwamba wapangaji waondoe samani zao.

Ghorofa hiyo anakaa bi mkubwa mmoja ninayemwita shangazi, ingawa nasaba yetu ni ya mbali mno kuieleza hapa. Alinipigia simu jioni ile ile. "Mwanangu, wewe si ndiwe msomi wa Kiswahili? Hebu nambia, tai gani hawa wanaoletwa nyumbani kwangu? Wa angani au wa shingoni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alishaafikiana na jirani zake kwamba mafundi wakija hawatafunguliwa mlango, kwa sababu nyumba ni ya zamani, kuta zina nyufa, na sasa kuna watu wanataka kuzitoboa tundu kwa ajili ya fimbo zisizojulikana zafanya kazi gani. Nani angewalaumu? Ungeletewa wewe msomaji karatasi kama ile, ungewafungulia?

Nilikwenda kuiona nyumba. Kiingereza cha karatasi kilisema "tie rods", na mtafsiri, nadhani kwa haraka, alifanya alichofundishwa darasani: neno kwa neno. La kwanza akalikuta limeshaingia Kiswahili kwa maana ya kitambaa cha shingoni, la pili akaliona ni fimbo. Ndivyo ilivyozaliwa fimbo ya tai, ambayo kwa mwenye kusoma ni ama bakora ya ndege mkubwa ama kifaa cha kutundikia nguo za ofisini.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya si karatasi. Ni chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi wa shangazi. Chumba hicho kilikuwa na chuma kama hicho tangu zamani. Chuma cha unene wa kidole gumba, kilichokatiza chumba juu, chini kidogo ya boriti, kutoka ukuta wa kichochoroni hadi ukuta wa ndani. Mpangaji mmoja wa miaka ya nyuma alihamia na kabati refu, kabati halikuingia, akaona kile chuma ni kero isiyo na kazi, akaleta mtu na msumeno kikakatwa. Vipande viwili vimebaki vimechomoza ukutani kama vidole vilivyokatika. Kwa nje, kichochoroni, ile sahani ya chuma ya mviringo iliyokuwa mwisho wake ingali pale, inapakwa rangi kila ukuta unapopakwa. Na katika pembe ya chumba kile pana ufa ambao niliweza kuingiza kalamu yangu bila kuisukuma.

Hakuna aliyemwambia yule bwana kile chuma ni nini. Nadhani hata aliyetaka kumwambia angekosa neno.

Tuanze na ukuta wenyewe. Nyumba za Mji wa Kale nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ni mnene, mara nyingi nusu mita hivi au zaidi, na ukiutazama unadhani ni jabali moja. Sivyo. Mara nyingi ni kuta mbili zilizopeana mgongo, uso wa nje na uso wa ndani, na katikati pamejazwa vifusi vya mawe na chokaa. Ukuta wa namna hii una nguvu sana ukibebeshwa uzito wa kwenda chini. Ukivutwa au ukisukumwa kwa ubavu, hauna ujasiri. Chokaa hushikamanisha mawe, lakini si gundi.

Kinachozuia kuta za pande mbili zisiachane ni boriti, zile nguzo za mikoko zinazobeba sakafu ya juu. Wenye nyumba za kale wanajua kwamba vyumba vyao ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu tu, na sababu yake ni boriti: mkoko ulionyooka haupatikani kwa urefu tuutakao. Ncha za boriti huzikwa ukutani na chokaa ikazishika. Kwa hiyo boriti hufanya kazi mbili, moja inayoonekana na nyingine isiyoonekana. Inayoonekana ni kubeba sakafu. Isiyoonekana ni kuzishika kuta mbili zisitazamane kwa mbali zaidi kila mwaka.

Sasa paa livuje. Lipu ya chokaa ibanduke nje na mvua ya masika ipenye. Maji hukaa pale pale ncha ya boriti ilipozikwa, mchwa wakafuata maji, na baada ya miaka boriti inayoonekana nzima chumbani imekuwa unga ndani ya ukuta. Sakafu bado imesimama kwa sababu ncha imelala juu ya mawe, ila ile kazi ya pili imekwisha. Ukuta wa nje haujashikwa na chochote. Unaanza kutuna, polepole, kama tumbo la mtu aliyestaafu.

Fundi mmoja mzee aliyekuja na wahandisi, mzaliwa wa mji huu, alinieleza kwa maneno machache kuliko nilivyotumia mimi. "Boriti huukalia ukuta, haziushiki. Ikioza tini kule ndani, ukuta hauna wa kumwambia ngoja. Chuma hichi ndicho cha kumwambia ngoja."

Chuma chenyewe ni sahili. Ni nondo ndefu yenye meno ya parafujo kwenye ncha zake. Hupitishwa katika tundu kutoka ukuta hadi ukuta, mara nyingi sambamba na sakafu ambapo hakisumbui macho, na kila ncha hutokea nje ya ukuta ikavishwa sahani pana na nati. Sahani ni muhimu kama chuma chenyewe. Nati peke yake ingepenya matumbawe kama kidole kinavyopenya muhogo uliopikwa, ila sahani hugawa nguvu ile kwenye eneo kubwa. Ukitembea miji ya kale ya Ulaya utaziona sahani hizo kwenye kuta, nyingine za umbo la nyota, msalaba au herufi S, na wapita njia hudhani ni mapambo. Charleston, kule Marekani, nyumba nyingi zilitiwa vyuma hivyo baada ya tetemeko la mwaka 1886, na leo ni sehemu ya sura ya mji. Hata Hagia Sophia ya Istanbul ina viungo vya kuvuta vilivyokatiza matao yake, maana tao nalo lina tabia ya kusukuma miguu yake nje, usipoifunga itapanuka.

Kuna kisa kimoja nakipenda mno. Mwanzoni mwa karne ya 19, jijini Paris, jumba la Conservatoire des arts et métiers lilikuwa na kuta zilizosukumwa nje na uzito wa juu yake. Mvumbuzi aitwaye Molard alipitisha vyuma kutoka ukuta hadi ukuta, akavipasha moto. Chuma kikipata moto hurefuka. Kilipokuwa kirefu, nati zilikazwa hadi zikaukumbatia ukuta. Kisha moto ukaondolewa. Chuma kikipoa hujikunja kirudi urefu wake wa awali, na safari hii hakirudi peke yake, hurudi na ukuta. Walivipasha kwa zamu, vingine vikishikilia vingine vikivuta, hadi kuta zikasimama wima. Hesabu yake si ngumu: chuma cha mita 10 kikiongezwa joto la digrii 100 hurefuka kama milimita 12. Sentimita moja na kitu. Ni kidogo, lakini ukirudia mara kadhaa jumba zima husogea. Nyumba ya Kibokoni hawakusudii kufanya hivyo, nilimhakikishia shangazi. Wanataka ukuta ubaki ulipo, basi.

Hapa kwetu pana adui ambaye Paris haina, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, ukuta wa matumbawe una ya kwake, na chuma cha kawaida kikizikwa humo hushika kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo chuma kilichowekwa kushika ukuta kinaweza, baada ya miaka, kuupasua kutoka ndani. Ndiyo maana wahandisi siku hizi hutaka chuma kisichoshika kutu, au kipakwe vizuri na kikaguliwe. Kikifukiwa na kusahauliwa, kitalipiza.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Methali yetu ya usipoziba ufa utajenga ukuta imetuponza. Najua maana yake ya ndani, wala sina ugomvi nayo. Nasema juu ya maana yake ya nje, ambayo watu huifuata neno kwa neno. Wenye nyumba wa Mji wa Kale wakiona ufa huuziba, tena kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui. Maji yaliyoingia ukutani hushindwa kutoka, na boriti huoza upesi zaidi. Isitoshe, ufa si donda, ni habari. Unakuarifu kwamba ukuta unakwenda mahali. Ukiuziba bila kuuzuia ukuta, umempiga kofi mjumbe. Mhandisi wa Kibokoni alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa wa chumba cha pili kwa gundi na kuandika tarehe. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unywele, kitapasuka. Majuma matatu baadaye kilikuwa kimepasuka.

Pale shangazi alinyamaza, na mimi pia. Tulikumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, lililobomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 wakati mafundi wakilikarabati, wawili wakafa. Sisemi kwamba lilikosa vyuma hivi. Jumba lile lina nguzo za chuma na ujenzi wake ni wa namna nyingine. Nasema tu kwamba jengo la kale likichoka halipigi simu kwanza.

Turudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Nilipotafuta neno la kumpa shangazi badala ya fimbo ya tai, niligundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kiswahili ni tajiri ajabu kwa vitu vinavyosukuma na kubeba. Tuna nguzo, mhimili, mwega, tegemeo, egemeo. Tuna gadi, ile miti wanayotegeshea chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Mtu akitaka kusifiwa, husemwa ni nguzo au mhimili wa jamii. Vyote hivi ni vitu vinavyosimama chini ya uzito au kuukinga kwa ubavu. Lakini kitu kigumu kinachofanya kazi kwa kuvuta tu, ambacho ukikitegemea kama mwega kitapinda na kukuangusha, na ukikivuta hakishindwi, hatuna jina lake la kila siku. Majina yetu ya kuvuta yako baharini na kwenye wanyama, na yote ni ya kamba: amari ya nanga, demani ya tanga, hatamu ya mnyama, kigwe. Waliokuwa na haja ya kuvuta walikuwa na kamba. Walioshughulika na mawe walikuwa na boriti, na kazi ya pili ya boriti, kwa kuwa haikuonekana, haikupewa jina.

Basi nikafikiri nimepata njia ya mkato. Tie rod ipo pia kwenye gari, na kwenye gari ina jina linalojulikana na kila mtu mwenye gari kuukuu, mimi nikiwamo. Gereji za juakali za Majengo huiita tairodi, na kile kichwa chake cha mviringo kinachochezea ndani ya kikombe, tairodi endi. Kwa nini tusichukue neno la gereji tulipeleke Mji wa Kale?

Nilimwendea fundi wangu wa gari, kijana ambaye ameniona nikiteseka na gari hilo kwa miaka. Alikuwa amelala chini ya matatu na hakutoka kunijibu. "Mwalimu, tairodi ni mkono. Skani inasema, rack inasikia, tairodi inafanya." Nikamwomba aeleze zaidi, akatoka, akapangusa mikono, akanionyesha, na somo lile ndilo lililoniharibia mpango wangu.

Neno usukani lenyewe tumelitoa chomboni. Kwa Kiarabu sukkan ni usukani wa merikebu, ubao ule wa nyuma unaokata maji, na manahodha wetu walikuwa nalo karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuteremshwa Mombasa. Chomboni mambo ni mepesi: kuna ubao mmoja, unaugeuza, chombo kinageuka. Tuk-tuk nazo zimebaki karibu na hali hiyo. Gurudumu la mbele ni moja, usukani wake ni kama wa pikipiki, na kwa hiyo tuk-tuk haina tairodi hata moja. Hakuna magurudumu mawili ya kupatanisha. Mkokoteni wa hamali hauna pia, maana usukani wake ni kiuno cha anayeuvuta. Shida huanza pale magurudumu ya mbele yanapokuwa mawili.

Magurudumu mawili yakipinda kona hayapaswi kupinda sawa. La ndani linazunguka duara dogo, la nje duara kubwa. Chukua gari la kawaida, lenye mita 2.6 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu. Likipinda katika duara la nusukipenyo cha mita 5, kama unavyolazimika kwenye kona za huku kwetu, gurudumu la ndani linahitaji kupinda kama digrii 31 na la nje kama digrii 24 tu. Yakipinda sawa, moja litaburuzwa kwa ubavu na tairi litalia. Mpango wa mikono ya chuma unaoyapa magurudumu tofauti hiyo ni wa kale kuliko gari. Ulisajiliwa London mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Tairodi ndizo zinazoyafunga magurudumu katika mapatano hayo, na ndizo zinazoamua kama vidole vya magurudumu, niseme hivyo, vinaangalia mbele, ndani au nje. Urefu wake ukikosewa kwa milimita chache, tairi jipya huliwa upande mmoja na kwisha kabla ya siku zake. Wengi hulaumu tairi.

Fundi aliinua gari langu kwa jeki, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. Lilicheza na kugonga. Alisema walipokuwa chuoni walifundishwa kwa Kiingereza washike pale penye tatu na tisa za saa, na alipoanza kuwafundisha vijana wake kwa Kiswahili aliogopa watachanganyikiwa, kwa sababu saa yetu husoma tatu pale Mwingereza anaposoma tisa. Kisha akagundua haidhuru kitu. Mwingereza akisema tatu na tisa, sisi twasema tisa na tatu, na mikono iko pale pale. Akisema kumi na mbili na sita kwa kupima boljointi na beringi, sisi twasema sita na kumi na mbili. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo.

"Hii ya kushoto imekwisha," akasema. "Ikichomoka ukiwa mbio, gurudumu moja litaenda Likoni na lingine Nyali." Aliyewahi kuona gari kando ya barabara, magurudumu ya mbele yamepeana kisogo kama wanandoa walionuniana, ajue mara nyingi ndicho kilichotokea. Breki zinaweza kuwa nzima, dereva hodari, na bado hana gari. Nikamwachia gari.

Sasa sikiliza ilipoharibika hoja yangu. Ukipinda kushoto, tairodi moja inavutwa na nyingine inasukumwa. Ukipinda kulia, zinabadilishana. Kwa hiyo ile ya gari si kifungo tu kama Kiingereza chake kinavyodai. Ni mkono, kama alivyosema fundi, na mkono huvuta na kusukuma. Ndiyo maana imetengenezwa nene na fupi, isije ikapinda kama ufito inaposukumwa. Chuma cha ukutani hakisukumwi hata siku moja. Kinaweza kuwa chembamba na kirefu, kinaweza hata kuwa waya uliosukwa, kwa kuwa kazi yake ni kuvuta basi. Kiingereza kimevipa vitu viwili jina moja kwa mazoea, na sisi hatuna deni la kurithi mazoea hayo.

Kwa gari, kura yangu ni tairodi, na sioni haya. Najua wapo wataalamu watakaoona neno hilo ni la mtaani. Watazame parafujo. Neno hilo ni la Kireno, limetufikia kutoka kwa taifa lile lile lililojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596, na leo hakuna anayelishuku. Fundi wa Majengo akisema tairodi hasikii ndani yake kitambaa cha shingo wala ndege. Amelimeza zima, halina mifupa. Kosa la karatasi ya Kibokoni halikuwa kukopa. Lilikuwa kulipasua neno vipande viwili na kutafsiri kila kipande peke yake.

Kwa ukuta nilitaka kishikizo. Ni neno letu, limo katika kamusi kwa maana ya kifungo cha nguo na vitu vya kufungia, nami nilijipongeza. Fundi mzee hakupendezwa. "Kushikiza ni kwa muda, bwana. Fundi cherehani hushikiza, kisha hushona. Wewe wataka mwenye nyumba asikie chuma hichi ni cha muda?" Ni kweli, nilikuwa nimesahau cherehani. Nikajaribu chuma cha mkazo. Sisi wa isimu twalijua neno mkazo, ndio ule unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na wanafizikia wanalo lao kwa nguvu inayobanwa ndani ya kitu. Mzee akauliza mkazo ni nini. Nikaona neno linalohitaji maana mbili kabla ya kumfikia mtu mlangoni halifai kubandikwa mlangoni.

"Sisi twasema chuma cha kukaza ukuta," akasema, na akainuka kwenda kuswali.

Maneno manne. Mwanaistilahi atasema huo ni ufafanuzi, si istilahi, na akikaa kutunga kamusi ya uhandisi atahitaji kitu kifupi, pengine kikazaukuta, mfano wa kifunguakinywa na kipazasauti. Sina pingamizi. Mji huu una historia yake na istilahi: ni hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na kuiacha nje Kimvita cha watu waliokuwa nje ya ukumbi. Wamvita hawakuacha kusema ndia, na Ndia Kuu ingali na jina lake. Ila kamusi haikuwa haja ya shangazi. Yeye alihitaji kujua kama afungue mlango.

Tuliandika karatasi mpya pamoja, yule mhandisi kijana, mzee na mimi. Ilisema kwamba ukuta wa kichochoroni umeanza kuachana na nyumba, kwamba vyuma vinne vya kukaza ukuta vitapitishwa juu karibu na boriti, kwamba kila chuma kitakuwa na sahani kwa nje, na kwamba mtu yeyote asikikate, asikining'inizie kitu kizito wala kukifunika kwa saruji. Shangazi alitaka sentensi ya mwisho ipigiwe mstari, ikapigiwa. Yeye ndiye aliyeibandika.

Mafundi waliingia Jumatatu. Kabla ya kutoboa walifukua ncha za boriti tatu katika chumba cha pili, na mbili kati yake zilitoka kwa mkono, kama mkate uliolowa. Kile chuma kilichokatwa hawakukiunga. Waliking'oa, wakatumia tundu lake lile lile kupitishia kipya. Sahani ya zamani ya kichochoroni ilisafishwa kutu na rangi zake zote, na chini ya rangi ile ikaonekana alama ya nyundo ya aliyeitengeneza. Wamemwachia shangazi. Ameiweka juu ya kabati.